Panda Kikuyu ukaone yanakotoka maji ya Dandora

Wewe mkazi wa Dandora huhitaji kuonyeshwa Mto Nairobi. Unaujua kwa pua kabla ya kuuona kwa macho. Unapita kando ya jaa la taka ukiwa mweusi kama maji yaliyooshewa sufuria ya jikoni la makaa, umebeba mifuko ya plastiki, mizoga na mengine ambayo si vyema kuyataja mtu akiwa mezani. Watoto wa mtaa huonywa wasiukaribie tangu wanapojifunza kutembea, na onyo hilo ni la haki.

Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza mto huo huo huwa na sura gani kabla haujafika mjini?

Wiki hii ukurasa huu unakualika utoke nyumbani asubuhi, upande gari hadi Kikuyu, utembee taratibu kwa saa mbili hivi, kisha urudi kabla ya jua kutua. Si kupanda mlima. Hakuna kamba wala viatu vya bei ghali. Mama wa miaka 65 ambaye magoti yake bado yanamtii ataweza, na mtoto wa darasa la tatu ataweza zaidi. Kutoka Dandora hadi huko ni kama kilomita 30 tu, mwendo ambao wengi wetu hatujawahi kuumaliza kwa sababu hatukuwa na shughuli huko.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa kasi kidogo, kwa angalau dakika 150 kila wiki. Matembezi haya peke yake yatakupa sehemu kubwa ya dakika hizo, na mapafu yako yatapata likizo kutokana na moshi wa taka. Hata hivyo, sababu yangu kuu ya kukupeleka Ondiri si hewa. Ni kwamba mvua inayonyesha kwenye miinuko ile hukufikia wewe wa Dandora kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni huo mto mweusi. Njia ya pili hupita chini ya miguu yako, ndani ya miamba, na huibuka katika kisima kirefu ambacho maji yake unauziwa kwa mtungi wa lita 20. Ile ya kwanza unaiogopa kwa kuitazama tu. Ya pili ni safi machoni, baridi mdomoni, na ndiyo ambayo watu wachache huiuliza maswali.

Mimi mwenyewe nakiri kwamba kwa miaka mingi niliamini maji yanayometa hayana neno. Tutafika huko.

Jiwe linalokunywa maji

Ukishafika katikati ya jiji, tafuta matatu za Kikuyu zinazopitia barabara ya Waiyaki. Keti upande wa dirisha. Kutoka Westlands gari litakuwa likipanda, Kangemi, Uthiru, Kinoo, na masikio yako huenda yakaziba kidogo. Dandora iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kikuyu inakaribia mita 2,000. Tofauti hiyo ya mita 400 inatosha kupunguza joto kwa nyuzi mbili au tatu, kwa hivyo beba sweta hata kama Dandora umeacha jua kali. Mwenye ugonjwa wa pumu asisahau dawa yake ya kuvuta, maana hewa ya baridi ya Julai na Agosti huweza kumbana kifua. Mwenye kisukari abebe kitu kitamu mfukoni na ale kabla ya kuondoka. Na kila mmoja abebe maji yake ya kunywa kutoka nyumbani. Ndiyo, unakwenda kuona chemchemi, lakini usizinywe, sababu nitazieleza.

Ukitazama ramani utaona jambo la ajabu. Mito ya Nairobi, yaani Nairobi wenyewe, Mathare, Ngong, Ruaraka na mingineyo, yote hushuka kutoka magharibi kwenda mashariki, sambamba kama vidole vya mkono mmoja. Si bahati. Mamilioni ya miaka iliyopita, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, volkano zilitapika lava na majivu mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na uji huo wa moto ukatiririka kuelekea mashariki mpaka ukafika kwenye nyanda za Athi. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkano mojawapo ya zama hizo. Ulipopoa, uliacha nchi iliyoinama kama paa la nyumba, na mito ikafuata mwinamo huo.

Mawe ya kijivu yaliyojengea nyumba nyingi za Nairobi ni majivu hayo yaliyogandamana. Hata shimo la jaa la Dandora lilikuwa machimbo ya mawe kabla ya taka kuanza kumwagwa humo katikati ya miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, volkano ilitupa mawe, mawe yakatupa nyumba, na shimo lililobaki tukalijaza taka. Baraza la Jiji lenyewe lilitangaza mwaka 2001 kwamba jaa hilo limejaa, na malori bado huingia.

Jambo la kushika hapa ni hili. Jiwe la volkano si kama sufuria isiyopitisha maji. Lava ngumu hupasuka nyufa inapopoa, na majivu yaliyogandamana yana vitundu vidogo vidogo. Aidha, kati ya mlipuko mmoja na mwingine zilipita nyakati ndefu. Udongo ukajiunda juu ya lava ya zamani, kisha lava mpya ikaufunika. Tabaka hizo za udongo uliozikwa hupitisha maji kama utambi wa taa ya mafuta. Mvua inayonyesha Kikuyu na Limuru huzama humo. Baadhi yake hukutana na jiwe gumu lisilopitisha, na pale bonde linapolikata tabaka hilo, maji hutoka nje. Hiyo ndiyo chemchemi. Mengine hayatoki. Huendelea kushuka polepole chini ya Kangemi, chini ya jiji, hadi chini ya mitaa ya Eastlands, safari inayochukua miaka mingi.

Kenya ina mfano mkubwa zaidi wa kazi hiyo ya mawe. Mvua ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni volkano changa, huzama yote kiasi kwamba vilima hivyo karibu havina mito juu yake. Maji hayo huibuka mbali, kwenye chemchemi za Mzima, na tangu miaka ya 1950 bomba linayapeleka Mombasa. Mtu wa Mombasa akifungua mfereji huenda anakunywa mvua ya Chyulu iliyochujwa na majivu ya volkano.

Kinamasi kinachotikisika

Kutoka mjini Kikuyu, kinamasi cha Ondiri kiko karibu. Muulize yeyote atakuonyesha. Ukikifikia huenda ukasikitika kwanza, kwa sababu huoni maji. Unaona uwanja mpana wa kijani, matete na mafunjo, umelala bondeni kama shamba lililosahauliwa. Ukubwa wake ni kama hekta 30. Sasa simama ukingoni utazame vizuri. Uwanja huo haujakaa juu ya ardhi. Ni mkeka mnene wa mizizi na majani yaliyooza, unaoelea juu ya maji. Mtu akikanyaga, ardhi hutikisika kama godoro. Vinamasi vya aina hiyo ni adimu sana katika Afrika, na Wakenya tunacho kimoja nusu saa kutoka jijini barabara zikiwa wazi.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ya matembezi haya: tembea kandokando, usikanyage juu ya mkeka, na mtoto mshike mkono. Hadithi za ng'ombe waliomezwa wakifuata nyasi mbichi zimesimuliwa hapa tangu zamani, na hata ukipunguza chumvi iliyotiwa humo, hatari yenyewe ni ya kweli.

Njia ya pembezoni ni ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, kwa hivyo viatu vyenye meno vitakufaa kuliko raba zilizolika. Utapita mianzi na miti ya kiasili iliyopandwa na wenyeji katika miaka ya karibuni ili kukilinda kinamasi. Walikuwa na sababu. Katika miaka ya 2000 maji ya Ondiri yalipungua kiasi cha kutisha: pampu za mashamba zilikuwa zikivuta mchana na usiku, na mikaratusi iliyozunguka nayo ilikuwa ikinywa bila kulipa. Ukibahatika utawaona korongo wenye taji wakitembea juu ya mkeka ule ule unaoweza kukumeza wewe. Kaa kidogo. Usiwe na haraka ya kumaliza mzunguko. Moyo wako unapata faida hata ukienda polepole, ilmradi unaendelea.

Upande wa chini wa kinamasi, maji hutoka. Ni kijito ambacho kijana angeruka bila kukimbia. Kina rangi ya chai nyepesi kwa sababu ya majani, lakini hakinuki. Kando yake, katika tope la bonde, kumepandwa nduma kama ilivyo desturi ya mabonde ya nchi hii, majani yake mapana yakiwa yamesimama kama masikio ya ndovu. Hicho kijito, msomaji, ndicho Mto Nairobi.

Simama hapo na uhesabu safari iliyo mbele yake: Dagoretti, Chiromo, Globe, Gikomba, Shauri Moyo, kisha Korogocho na Dandora. Baadaye Njiru na Ruai, ambako maji ya mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji nayo huongezwa, halafu Mto Athi, maporomoko ya Fourteen Falls, mwendo mrefu ukambani, Mto Galana, na mwisho bahari karibu na Malindi, ambako watu huuita Sabaki. Samaki wa Malindi wana haki ya kutulaumu.

Na Kikuyu haikuanza juzi kuwanywesha wageni. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili iliyoelekea Uganda ilitua maeneo haya kununua chakula na kujaza vibuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, na Kapteni Lugard alijenga boma Dagoretti mwaka 1890. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, waliichagua sehemu ile kwa sababu ya maji ya mto na uwanja tambarare kabla ya mpando. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Lakini wakazi walipoongezeka na uchafu nao ukaongezeka. Mwaka 1902 tauni iliingia kwenye soko la Wahindi na wakubwa wakalichoma moto. Mto wa mjini haukuaminika tena. Ndipo mji ukarudi juu hapa, na mwanzoni mwa karne ya 20 chemchemi za Kikuyu zikaanza kupelekwa Nairobi kwa mabomba. Baadaye likaja bwawa la Ruiru, kisha Sasumua katika miaka ya 1950, na Ndakaini katika miaka ya 1990, kila mara mji ukitafuta maji mbali zaidi kadiri ulivyochafua yaliyo karibu.

Utunzaji wa chemchemi ulikuwa na adabu zake. Marehemu Profesa Wangari Maathai alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2006, jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, na jinsi alivyokuja kuelewa akiwa mtu mzima kwamba mizizi ya mti huo huzama hadi kwenye mwamba na kuyapa maji ya chini njia ya kupanda. Mti ulipokatwa, kijito cha utotoni mwake kilikauka. Wachagga wa Kilimanjaro, nao wakaao juu ya volkano, walichimba mifereji waliyoiita mfongo, na kila mfereji ulikuwa na wazee wa kuusimamia na zamu za kufungulia maji.

Dandora yenyewe ilianza vizuri kuliko wengi wanavyokumbuka. Mradi ulipoanzishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, viwanja vipatavyo 6,000 vilipimwa, na kila kiwanja kiliunganishwa maji na bomba la majitaka kabla hata mwenyewe hajajenga chumba cha kwanza. Kisha vyumba vikawa ghorofa, familia moja ikawa ishirini, na maji ya bomba yakawa ya zamu. Hapo ndipo visima virefu vilipoingia. Vingine vilichimbwa na watu binafsi, vingine na serikali, hasa kati ya mwaka 2020 na 2022 wakati jiji likiwa chini ya idara maalumu ya NMS.

Meno ya kahawia

Sasa rudi kwenye yale maji ambayo hayakutoka kwenye chemchemi. Yamekaa ndani ya miamba ya volkano miaka na miaka, na muda wote huo yanayeyusha kidogo kidogo vilivyomo ndani ya jiwe. Kimojawapo ni madini yaitwayo floridi. Huwezi kuyaona. Hayana harufu wala ladha. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, na maji ya mito ya Aberdare yanayofika kwa bomba yana kidogo. Lakini visima vingi virefu vya Nairobi, kama vile vya Nakuru, Naivasha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, vimepimwa na kukutwa na kiasi kinachopita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita.

Floridi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, humdhuru mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yangali yakiundwa ndani ya ufizi. Kipindi hicho ni tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane, na kwa meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, miaka mitatu au minne ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi. Jino huota likiwa na mistari myeupe kama chokaa. Kiasi kikiwa kikubwa huota na madoa ya kahawia na hata vishimo. Mzazi husema mtoto hapigi mswaki. Mwalimu husema hivyo hivyo. Mtoto husugua kwa mkaa na mchanga mpaka ufizi utoe damu, na doa haliondoki, kwa kuwa halipo juu ya jino bali ndani yake. Baadaye daktari wa meno anaweza kulifunika au kulififisha, lakini kazi hiyo ni ya gharama. Mtu mzima aliyehamia Dandora akiwa na meno yaliyokwisha kukomaa hatapata madoa, na ndiyo sababu baba anaweza kunywa maji hayo hayo miaka kumi na kusema hayana neno. Floridi ikiwa nyingi zaidi na mtu akainywa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huathirika. Mgongo hukakamaa na magoti kuuma.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mji wa Colorado Springs nchini Marekani ulikuwa na watoto wenye meno ya kahawia, na daktari wa meno aitwaye Frederick McKay, aliyefika huko mwaka 1901, alitumia miaka 30 kutafuta chanzo kabla ya wanakemia kuthibitisha mwaka 1931 kwamba ni floridi ya maji. Tanzania ina kituo cha Ngurdoto, Arusha, kinachoshughulikia jambo hilo hilo chini ya Mlima Meru, volkano nyingine.

Wengi hufanya kosa wakidhani wanajikinga. Wanachemsha. Kuchemsha ni vizuri, na huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara: maji yakishatokota vilivyo, dakika moja inatosha, na huku juu kwenye mita 2,000 dakika tatu. Lakini floridi haifi kwa moto kwa sababu haina uhai. Ukichemsha lita mbili zikabaki lita moja na nusu, floridi yote ya zile mbili imo katika moja na nusu, umeikoleza. Klorini haiiondoi. Vichungi vya kawaida vya udongo na mishumaa haviiondoi. Inayoweza ni mashine inayosukuma maji kupitia utando maalumu, ambayo baadhi ya maduka ya maji huitumia, au kichungi cha mifupa ya ng'ombe iliyochomwa katika tanuri kwa utaalamu, kama vinavyotengenezwa na kitengo cha maji cha Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru. Usijaribu kuchoma mifupa jikoni kwako. Isipochomwa sawasawa maji hunuka na kazi haifanyiki.

Basi ufanye nini? Kwanza, muulize mwenye kisima cheti cha vipimo. Kisima kilichochimbwa kwa kufuata sheria kina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji yake hupimwa. Asiyetaka kuonyesha cheti, usigombane naye. Majirani kumi wa ploti moja wanaweza kuchanga na kupeleka chupa kwa Mkemia wa Serikali. Omba kipimo cha floridi kwa jina, maana vipimo vingine hutazama vijidudu peke yake.

Pili, kama huna hakika, gawa maji ya nyumba. Ya kisima yawe ya kufua, kuoga na kupiga deki. Ya bomba au ya mvua, yakichemshwa, yawe ya kunywa, ya uji na ya chai, na watoto walio chini ya miaka minane watangulizwe. Maji ya mvua Dandora yana sharti moja: mabati yetu hubeba masizi ya moshi wa jaa, kwa hivyo mvua ya kwanza iache ioshe paa kabla ya kukinga pipa. Mama anyonyeshaye asiwe na hofu, kwa sababu floridi haipiti kwa wingi katika maziwa ya mama hata kama yeye mwenyewe anakunywa ya kisima. Maziwa ya unga yanayokorogwa kwa maji ya kisima ndiyo ya kuangaliwa.

Tatu, punguza magadi. Najua githeri haitaki kuiva na makaa ni ghali, lakini magadi nayo hutoka katika nchi ile ile ya volkano na huwa na floridi yake. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, yataiva.

Na sukuma wiki na nduma zilizokuzwa kando ya mto upande wetu wa mji ni jambo jingine, zito kuliko floridi. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliotolewa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora na kukuta nusu yao wana madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Muulize muuza mboga zimetoka wapi. Nduma ya pale Ondiri na nduma ya Njiru zimekunywa mto mmoja, lakini si maji mamoja.

Niliahidi kueleza kwa nini usinywe chemchemi za Kikuyu. Ni kwa sababu jiwe lile lile linalopitisha mvua hupitisha pia maji ya vyoo vya shimo na dawa za mashambani, na mji wa Kikuyu umejaa nyumba. Miaka mia moja iliyopita huenda yalikuwa salama. Leo osha mikono tu, na hata hiyo, uioshe tena kwa sabuni kabla ya kula.

Ukimaliza mzunguko, tafuta mahali pa kukaa, kula ulichobeba na unyooshe misuli ya ndama, hasa kama hujatembea hivi kwa muda mrefu. Kesho asubuhi itakushukuru. Mguu ukivimba au kifua kikibana na kisitulie baada ya kupumzika, usijikaze. Hospitali ya PCEA Kikuyu, ambayo imekuwa ikiwatibu watu tangu mwaka 1908, iko karibu.

Matatu za kurudi hujaa Jumapili jioni watu wakitoka kuwasalimu wazee wao, kwa hivyo uwe steji kufikia saa kumi. Ukifika Dandora mitungi itakuwa inakungoja mlangoni. Kabla ya kumwita kijana wa mkokoteni akujazie, muulize amechota kisima kipi.